Ghorofa yenye fremu chini: nani anakusanya, nani anabeba?

Safu iliyopita niligusia majengo ya makazi na biashara yanayoota kandokando ya barabara kubwa za Mtwara, nikauliza kama manispaa inafaidika nayo au inajiongezea mzigo. Maswali yaliyokuja ni mengi kuliko nafasi niliyonayo. Yanayofanana nimeyaunganisha, na walioandika kwa hasira kuhusu LUKU nimewajibu pamoja na yule aliyeuliza kwa ustaarabu.

Ndugu mwandishi, mtaani kwetu kuna mtu anataka kujenga ghorofa nne: chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha. Kwenye mkutano wa mtaa tumeambiwa tusipinge, manispaa itapata mapato makubwa. Ni kweli, au tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?
*Mkazi wa Chuno*

Mapato yatakuwepo. Ukubwa wake ndio wa kuulizia, na unategemea zaidi ile ghorofa ya chini.

Tuanze na kodi ya majengo, maana ndiyo inayomjia mtu kichwani kwanza. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa viwango hivyo jengo la ghorofa nne linatoa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Liwe limepigwa vigae vya kung'aa au sementi tupu, liwe linatazama bahari Shangani au linatazama jalala, kiwango ni kilekile. Tena fedha hiyo haiingii moja kwa moja kwenye akaunti ya manispaa. Inapita serikalini kwanza, halmashauri inasubiri mgao. Anayesimama mkutanoni na kusema thamani ya jengo itanyanyua mapato ya manispaa anazungumzia nchi nyingine.

Sasa teremka kwenye fremu. Ushuru wa huduma, ule unaotozwa kwenye mauzo ya mwenye leseni ya biashara, kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3. Tuseme fremu moja ina duka la vifaa vya ujenzi linalouza milioni 10 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 120, na asilimia 0.3 ya hapo ni shilingi 360,000. Duka moja, tena la kawaida, limelipa sawasawa na kodi ya majengo ya ghorofa zote nne, na hiyo ni fedha ya halmashauri yenyewe. Ongeza ada ya leseni na ada ya taka. Fremu zikiwa sita na zote zina wafanyabiashara, manispaa imepata kitu cha kuandika kwenye daftari. Nne zikiwa na kufuli, imebaki na wapangaji wa juu, na hao wanatoa taka na maji machafu kila siku hata kama soko limelala.

Na fremu za huku kwetu zina msimu. Kuanzia Oktoba, korosho zinapoingia maghalani na malori yanapopanga foleni kuelekea bandarini, hela inatembea mjini mpaka fundi viatu anajua. Ifike Aprili, mwenye duka huyohuyo anauza kwa daftari la madeni. Ukikadiria mapato ya mwaka kwa kutazama mauzo ya Novemba, umeshaharibu bajeti.

Upande wa mzigo nao umegawanyika. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji ni ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Moto ukiwaka anaitwa Zimamoto, ambaye yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka serikali kuu. Manispaa inabaki na taka, masoko, stendi, majengo ya shule na zahanati, na ukaguzi wa ujenzi. Ndiyo maana napata shida na ile kauli kwamba manispaa itafaidika. Jengo linaweza kuiletea manispaa faida na hapohapo likaitwisha TARURA mtaro uliozidiwa, na mwananchi wa Kiyangu anayeingiliwa na maji chumbani hajali mtaro ni wa taasisi gani.

Mkutano ujao ulizeni fremu ni ngapi na za ukubwa gani, maji machafu yatakwenda wapi, magari yatasimama wapi, na maji ya mvua ya paa hilo yataelekezwa kwa nani. Sehemu kubwa ya mji wetu inategemea mashimo ya choo, na gari la kunyonya halifiki kwa bahati nasibu. Mjenzi mwenye nia njema anayo majibu hayo kwenye michoro yake, hana haja ya kutafuta mtu wa kumsemea.

Nyongeza kwa wanaopenda kuahidi barabara kwa fedha hizi: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili, na sehemu nyingine imeshapangiwa miradi ya maendeleo. Kinachobaki kwa ajili ya dizeli ya lori la taka ni kidogo kuliko kinavyosikika jukwaani.

Mimi ni mpangaji, nakaa juu ya duka. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo ambalo si langu. Mwenye nyumba anasema nimshukuru Mungu nina pa kulala. Haki iko wapi?
*Mpangaji, Shangani*

Mwenye deni ni mwenye jengo. Wewe mita imekufanya karani wake wa kulipia, basi.

Fungua ule ujumbe wa tokeni uutazame mstari kwa mstari. Kuna VAT, kuna ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, kuna ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3. Hizo ni zako kwa kuwa wewe ndiye unayewasha taa. Mstari wa kodi ya majengo ni wa mwenye nyumba. Ukikaa mwezi bila kununua umeme, deni linakusubiri na linakatwa lote siku ukinunua, ndipo watu wanaposhangaa wameweka elfu tano wakapata uniti za kuchemshia chai.

Tunza ujumbe huo, jumlisha kila baada ya miezi mitatu, umkate kwenye pango. Lakini mwambie kabla, na muandikishane kwenye mkataba, maana mwenye nyumba akishtukizwa anageuka mbogo. Na kama ghorofa yenu moja ina mita mbili na zote zinakatwa kodi, beba risiti za mita zote mbili mpeleke malalamiko. Kodi inatozwa kwa ghorofa, haitozwi kwa idadi ya waya zinazoingia ndani.

Kaka, jirani yangu kuna jengo la maduka chini na wapangaji juu. Kila asubuhi taka zimefurika mpaka barabarani na kila mtu anasema si zake. Majengo haya yanaitia manispaa hasara au ni uvivu wetu tu?
*Magomeni*

Ajabu ni kwamba kwa upande wa taka, jengo la namna hiyo lilipaswa kuwa nafuu kuliko nyumba zilizotawanyika. Gharama kubwa ya kuzoa taka iko njiani, kati ya mlango na mlango. Lori likisimama mara moja mbele ya jengo hilo linabeba taka za kaya 12 na maduka sita. Kaya hizohizo 12 zikiwa zimetawanyika pembezoni, lori linasimama mara 12, kwenye mchanga, gia ya kwanza, dizeli inateketea na vijana wa nyuma wanashuka na kupanda mpaka wanachoka kabla ya saa nne. Halafu safari ya dampo la Mangamba inabaki palepale kwa wote. Hata ada ni rahisi zaidi kuikusanya kwenye jengo moja kuliko kuzunguka kaya kwa kaya unaambiwa mama hayupo.

Sasa kwa nini kwenu zimefurika? Tazama lile rundo vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi juu kabisa utaona maboksi ya sabuni na mafuta ya kula yaliyotoka madukani usiku. Ikifika saa tatu hayapo: kuna vijana wanayakunja wakayauze, na chupa za plastiki nazo zimeondoka na wenyewe. Kinachobaki ni maganda ya mihogo na ndizi ya mama lishe wa kibarazani, vifuu vya nazi, mabaki ya samaki, na pampasi za watoto. Vifuu vinajaza lori kabla halijapata uzito. Pampasi hakuna anayezitaka. Kwa hiyo taka za duka, ambazo ndizo zinazolaumiwa kwa sababu zinaonekana, zinaondoka zenyewe bila manispaa kutoa shilingi. Zinazogharimu ni za jikoni, za chini na za juu.

Kukwama kunatokana na malipo. Sheria ndogo inatoza kaya kiwango chake na biashara kiwango chake. Kwenye jengo la mchanganyiko mwenye fremu anasema taka ni za wapangaji, wapangaji wanasema ada imo ndani ya pango, na mwenye jengo yuko Dar es Salaam. Mkusanyaji anaondoka na ada ya fremu mbili. Mwezi ukiisha mzoaji anasema hapo hapalipi, anaparuka.

Dawa yake ni kuiweka kwenye kibali cha ujenzi: chumba cha taka ndani ya kiwanja, lori liweze kukifikia, na mwenye jengo alipe ada ya jengo zima kwa namba moja ya malipo kisha ahangaike mwenyewe na watu wake. Kwa majengo ambayo vyumba vimeuzwa kimoja kimoja njia ipo tayari, maana sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka wamiliki wawe na chama chao cha kusimamia maeneo ya pamoja. Ankara ya taka ipelekwe kwa chama. Kwa jengo la kupangisha kama la jirani yako, mwenye jengo ndiye wa kubanwa, na bwana afya wa kata anamjua.

Mimi ni mwalimu. Kila wakijenga nyumba mpya sisi tunapokea watoto, madarasa ni yaleyale. Je, hayo majengo ya makazi na biashara yanalipia madawati?
*Mwalimu, Naliendele*

Kwa sehemu tu, mwalimu, na kwa kuchelewa.

Marekani wamepiga hesabu hizi kwa miongo kadhaa, wilaya kwa wilaya: kwa kila dola moja inayolipwa na eneo fulani, serikali ya mtaa inatumia kiasi gani kulihudumia? Matokeo ya kati ya tafiti zao nyingi ni kwamba makazi yanagharimu takriban dola 1.16 kwa kila dola yanayolipa, na biashara na viwanda takriban senti 30. Sababu kubwa ni shule. Duka halina mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo hoja ya kuchanganya: kinachopungua juu kinafidiwa na cha chini.

Kwetu mgawanyo ni tofauti. Mshahara wako hautoki manispaa. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya mwanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa msingi na 25,000 kwa sekondari, inatoka serikali kuu. Mzigo wa halmashauri ni darasa, choo na dawati, na huu hauji kidogo kidogo. Shule yenye nafasi inapokea watoto 20 wa jengo jipya bila kununua hata chaki ya ziada ya maana. Shule iliyojaa, mtoto mmoja anayefuata ndiye anayeanzisha safari ya kutafuta matofali. Kwa hiyo ukiulizwa, usikubali wastani wa gharama kwa mwanafunzi. Wape idadi ya waliopo katika kila darasa na iliyotakiwa, wao waone umebakiza nafasi ngapi.

Kitu kingine: vyumba vidogo juu ya maduka huwa havina watoto wengi kama nyumba ya familia yenye ua. Wapangaji wake ni vijana wa benki, wanachuo, watumishi waliohamishwa na familia imebaki Masasi. Mzigo wako Naliendele nadhani unatoka zaidi kwenye viwanja vipya vya familia. Na kumuita mtoto hasara kwa sababu anahitaji dawati ni lugha ya wahasibu. Naitumia hapa kwa sababu bajeti inapangwa kwa lugha hiyo.

Kwa nini mnang'ang'ania ghorofa katikati ya mji wakati huku kwetu ardhi ipo tele na bei poa? Watu wapewe viwanja, wajenge kwa nafasi.
*Mwenye shamba, Mangamba*

Ardhi ni rahisi kwako unayeuza na kwa anayenunua. Anayefuata na bomba, nguzo na lami ndiye anayelipa tofauti.

Mtwara inalijua hili kwa uchungu wa zamani. Mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ukapewa bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea na barabara pana zilizongojea umati. Mpango wa karanga ukatupwa 1951, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Limebaki jina la kata ya Reli. Barabara pana zikabaki na watu wachache kandokando yake, na mtu mmoja mmoja analipia matunzo ya mita nyingi za barabara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa nzima, ya 2022 ikahesabu 146,772. Tunaongezeka, lakini bado ukipita Shangani unaona viwanja vimelala, nyasi kiunoni, na bomba la maji linapita mbele yake halina wa kulitumia.

Kuna hesabu moja ya Marekani inayopendwa sana na wapanga miji. Joe Minicozzi, mmoja wao, alilinganisha majengo mawili ya Asheville, jimbo la North Carolina. Duka kubwa la Walmart pembezoni mwa mji lililipa kodi ya majengo ya dola 6,500 hivi kwa ekari. Jengo la zamani la katikati ya mji, lililokarabatiwa likawa na maduka chini, ofisi na makazi juu, lililipa dola 634,000 kwa ekari. Takriban mara mia.

Hapa naomba tusirukie. Asheville inatoza kodi kwa thamani ya jengo. Sisi tunatoza 7,500 kwa ghorofa, basi nusu ya hesabu hiyo haivuki bahari. Nusu inayovuka ni ya gharama: kilomita moja ya bomba ikihudumia kaya 400 au kaya 40, bomba ni lilelile, likipasuka fundi ni yuleyule, na mchanga wa kufukia ni uleule. Ndiyo sababu mimi naunga mkono kujaza viwanja vilivyolala mjini kwanza. Siungi mkono kujaza mabonde, wala kupandisha ghorofa juu ya bomba la zamani lisilo na presha ya kufika hata tanki la ghorofa ya pili.

Shamba lako litapata zamu yake. Likipimwa, omba mchoro utenge fremu za mtaa, sehemu ya zahanati na njia ya lori tangu mwanzo. Mtaa wa makazi matupu unaomtuma kila mtu mjini kununua kibiriti ndio unaoigharimu manispaa kuliko yote.

Sisi wa Lindi tunasubiri mradi wa kusindika gesi asilia iwe kimiminika pale Likong'o. Madalali wameanza kutuambia tujenge majengo ya fremu na vyumba sasa hivi. Mtwara mlipitia. Mnatushauri nini?
*Rasbura, Lindi*

Tulipitia, naam. Bomba la gesi lilipokuwa likijengwa kati ya 2012 na 2015, nyumba za wageni zilipanda kama uyoga wa masika, pango likafuata. Bomba likafika Dar es Salaam, wakandarasi wakafunga mizigo. Baadhi ya majengo yale yalibadilishwa yakawa ofisi na hosteli, na baadhi yalibaki na mlinzi na paka.

Eneo la Likong'o lina zaidi ya hekta 2,000, na mradi wenyewe umesubiriwa miaka mingi. Kwa manispaa yenu ningeuliza mambo mawili kabla ya kugawa vibali. Wafanyakazi watalala wapi? Kampuni ikijenga kambi yenye duka lake, zahanati yake na jenereta yake, mzigo kwa mji ni mdogo na fremu za Rasbura zitapata mabaki. Wakipanga mjini, maji na taka vitazidiwa mwaka wa kwanza, mapato yatakuja baadaye.

La pili ni mpaka. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza uzalishaji mwishoni mwa 2015 pale Msijute, na Msijute iko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Ushuru wake wa huduma ni wa wilaya. Mfanyakazi wake anayepanga Chikongola au Likombe anatoa taka zake kwetu manispaa na mwanawe anakaa kwenye dawati letu. Siwalaumu wilaya, sheria iko upande wao, nasi tunapata chenji kupitia maduka anayonunua. Ndio maana nasema fremu za chini zina kazi: ndizo nyavu pekee tulizonazo za kunasa mshahara uliolipwa kwingine. Nyinyi Likong'o mnayo ndani ya mipaka yenu, bahati hiyo sisi hatukuipata.

Na mapato ya kipindi cha ujenzi msiyaajirie watu wala kuyakopea. Jengeni nayo mtaro, soko, chumba cha darasa, vitu ambavyo wakandarasi wakiondoka vinabaki bila kudai mshahara. Mwenye kujenga binafsi, jenga kitu kinachoweza kugeuka: fremu yenye dari na bomba la maji inaweza kuwa chumba cha kulala, fremu ya mita mbili kwa tatu haina maisha ya pili.

Mzee wangu, shikamoo. Halmashauri nayo ina maduka yake pale stendi. Nimepanga kwa mtu ambaye naye kapanga kwao. Hiyo imekaaje?
*Kijana wa vifaa vya simu*

Marahaba. Imekaa vibaya, na iko nchi nzima. Mwenye mkataba analipa halmashauri pango la miaka ile, wewe unamlipa la leo, tofauti anakula yeye. Kwa halmashauri hilo ni jengo la biashara linaloleta sifa bila mapato. Orodha ya waliopangishwa ingebandikwa ukutani pale stendi, jina kwa namba ya duka, mgogoro ungekwisha kwa wiki. Nenda kwa afisa biashara ukiwa na leseni yako mkononi. Mwenye leseni kwenye duka hilo ni wewe, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Mwanangu, nina kiduka barazani kwangu Mikindani. Wamekuja watu wa ardhi wanasema hati yangu ni ya makazi, nibadili matumizi. Gharama zake naziogopa.
*Bibi wa Mikindani*

Shikamoo bibi. Mikindani nyumba za mawe zimekuwa na duka chini na familia juu tangu kabla Mjerumani hajamaliza Boma lake mwaka 1895, kwa hiyo usijione mkosaji mkubwa.

Utaratibu wenyewe uko hivi: unaomba kwa ofisi ya mipango miji, linatolewa tangazo ili majirani wenye pingamizi waseme, maombi yanakwenda Kamati ya Mipango Miji, kisha yanapanda ngazi za juu za ardhi. Ukikubaliwa, kodi ya pango la ardhi inapanda kwa sababu ya biashara, na kodi hiyo ni ya serikali kuu. Kwa ghorofa ya fremu sita, lazima. Kwa kiduka cha sabuni na kibiriti, ningeanza na hatua ya bure: mtume mjukuu aombe kwa maandishi kujua mchoro wa mipango miji unasema nini kuhusu mtaa wako. Inawezekana mtaa umeshatengwa kuwa makazi na biashara na hati yako ya zamani ndiyo haijafuata. Jibu likija kwa maandishi utajua unadaiwa nini na nani. La mdomo barazani usilipe.

Nina mashine ya EFD, nalipa TRA kila robo mwaka. Wa manispaa anakuja tena kudai ushuru wa huduma. Nilipe mara ngapi?
*Mwenye fremu, karibu na soko kuu*

Mara mbili, kwa watu wawili tofauti. Ya TRA inakwenda serikali kuu, ushuru wa huduma ni wa halmashauri, na kulipa moja hakufuti nyingine. Unachoweza kukataa ni makadirio ya kichwani. Chapisha ripoti zako za Z, zile za mauzo ya kila siku kwenye mashine, za kipindi hicho, jumlisha mauzo, ondoa VAT kwanza, ndipo kiwango kipigwe. Dai risiti ya mashine au namba ya malipo ya serikali, na anayetaka kuchukua taslimu bila hivyo muombe kitambulisho.